Fahali wa diski na kabati la shule

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii huwajia watu mdomoni kila itajwapo mivutano ya kampuni kubwa za ng'ambo. Hata hivyo, katika vita ninavyotaka kuvizungumzia leo, nyasi za huku kwetu Waithaka hazikujua hata kidogo kwamba fahali wanapigana. Maumivu yaliyozifika yalitoka kwingine kabisa.

Kati ya mwaka 2006 na 2008, kampuni za Toshiba na Sony, kila moja na kundi lake la washirika, zilishindana kuuza diski mpya ya filamu za kutazamwa nyumbani, yenye picha ang'avu kuliko ya DVD. Ya Toshiba iliitwa HD DVD, ya Sony ikaitwa Blu-ray. Zote mbili zilisomwa kwa mwale wa leza wa rangi ya buluu inayoelekea zambarau, ambao urefu wa mawimbi yake ni mfupi kuliko wa ule mwekundu wa DVD, na kwa hivyo huweza kusoma alama ndogo zaidi zilizosongamana. (Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kuwaamsha wanafunzi saa nane mchana, huu hapa.) Tabaka moja la HD DVD lilibeba gigabaiti 15, la Blu-ray lilibeba 25. Aliyenunua deki ya mmoja hakuweza kuchezea humo diski ya mwenzake. Januari 4, 2008, kampuni ya filamu ya Warner, iliyokuwa ikitoa diski za aina zote mbili, ilitangaza kuegemea Blu-ray peke yake. Februari 19, Toshiba ikasalimu amri.

Tukumbuke Kenya ilikuwa wapi siku hizo. Nchi ilikuwa ikifuka moshi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Kofi Annan alikuwa akihangaika kuwapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga, waliotia saini mkataba wao Februari 28. Majirani zetu wa Kawangware walikuwa wamekwisha kuonja machungu. Ni nani katika Dagoretti nzima ambaye angeuliza ni diski gani iliyoshinda huko Japani?

Isitoshe, huku kwetu mshindi alikuwa amekwisha kupatikana zamani, naye hakuwa yeyote kati ya hao wawili. Alikuwa VCD, diski duni iliyobuniwa mwaka 1993. Picha yake ilikuwa na ukungu, na filamu moja aghalabu ilihitaji diski mbili, hata ukalazimika kuinuka katikati ya mapambano ili ubadilishe. Lakini deki yake ilikuwa ya bei nafuu, na yeyote mwenye kompyuta aliweza kuinakili. Kwa sababu hiyo mafundi wa River Road wakapata kiwanda chao cha filamu, kile kilichobandikwa jina la Riverwood. Vichekesho vya Kihenjo na Machang'i viliingia sebuleni kwa wazazi wetu kwa diski hizo. Filamu za ng'ambo alizozisimulia DJ Afro kwa Kiswahili cha mitaani zilijaza mabanda ya video. Vikundi vya vijana vilivyozunguka shuleni kuigiza vitabu vilivyotahiniwa, kama *Kifo Kisimani* chake Kithaka wa Mberia, navyo viliuza maonyesho yao kwa njia hiyo hiyo.

Mimi siwacheki watu waliochagua VCD. Waliamua kwa mizani ya mfuko wao, wala hawakukosea. Kinachonikera ni kwamba tulipoiacha diski hiyo, tuliziacha pamoja nayo kazi zilizokuwa ndani yake.

Mtu asiamini, na aingie katika shule ya sekondari ninayoifahamu hapa mtaani. Katika ofisi ya idara ya Kiswahili mna kabati, na ndani ya kabati mna mrundo wa diski katika karatasi za nailoni: maigizo ya tamthilia, mashairi ya tamasha, hotuba ya mwalimu mkuu aliyekwisha kustaafu. Deki iliharibika. Kompyuta mpya zilizoletwa hazina pahali pa kutia diski. Diski zenyewe nyingi ni za kurekodiwa kwa mashine ya mezani, na rangi inayohifadhi alama zake huchakaa kwa joto, jua na unyevu. Hakuna fahali aliyeliumiza kabati hilo. Liliachwa tu.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kinapatikana katika mtandao. Si kweli. Huko kinapatikana kile ambacho mtu alijisumbua kukipandisha, na kinaweza kuondolewa kesho bila wewe kuulizwa. Tena mwanafunzi wetu haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na akirudi nyumbani hukuta pesa za bando zimekwisha kununua unga.

Hapa ndipo vita vya wakubwa vinapokuwa na somo kwetu. Mwaka 1995, kabla ya DVD kuzaliwa, makundi hayo hayo, la Sony na Philips upande mmoja na la Toshiba upande wa pili, yalikuwa tayari na diski mbili zisizoelewana. Waliozuia mgongano si wanunuzi mmoja mmoja wa madukani. Ni kampuni za kompyuta, zikiongozwa na IBM, zilizosema wazi kwamba hazitaki diski mbili. Makundi yakakaa chini yakaelewana. Mnunuzi mkubwa akinena, kiwanda husikia.

Nchini Kenya mnunuzi mkubwa wa vifaa vya masomo ni serikali, na sijamsikia akinena hivyo. Desemba 2009, Rais Kibaki alizindua matangazo ya televisheni ya dijitali jijini Nairobi kwa mfumo wa DVB-T. Muda si muda nchi ikahamia DVB-T2, na king'amuzi cha mfumo wa kwanza hakiwezi kupokea mawimbi ya wa pili. Raia mtiifu aliyewahi kununua mapema akabaki na kisanduku cha kuwekea maua. Tangu 2016 shule za msingi zimepelekewa vishikwambi. Vinapokabidhiwa, hotuba husifu vifaa vyenyewe. Ni nadra kusikia mtu akiuliza iwapo masomo yaliyomo yataweza kuhamishwa siku kifaa kitakapokufa. Swali hilo linafaa kuandikwa katika mkataba wa ununuzi kabla ya bei, na bodi za shule zinazonunua vifaa vyao wenyewe zina haki ile ile ya kuliuliza.

Mkataba mwema, hata hivyo, hautaziokoa diski ambazo tayari zimo kabatini. Hizo zinahitaji kifaa kidogo cha kusomea diski, cha kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya, ambacho bado kinauzwa madukani katikati mwa jiji. Na diski kuu mbili za kuhifadhia nakala, moja ya kukaa shuleni na nyingine pengine. Sheria ya hakimiliki ya 2001 inalinda kazi za watu, kwa hivyo idhini iombwe. Wengi wa waigizaji hao wangali hai, na baadhi yao sasa ni wazazi wa wanafunzi wetu. Sidhani wengi watakataa. Diski ziandikwe majina, mwaka na walioshiriki, maana diski isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na alama. Shule zenye chama cha kompyuta zinaweza kuanza muhula huu, mradi mwenye ufunguo wa kabati apatikane.