Chekechea Si ya Watoto wa Wenye Mishahara

Wazazi wa tarafa ya Muhuta, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu. Hilo halibishwi kanisani wala msikitini. Mbona basi amana hiyo inaachwa hadi itimize miaka sita? Tangu karo ya shule ya msingi ifutwe mwaka 2005, madarasa ya kwanza Burundi yamefurika, lakini chekechea bado inahesabiwa kuwa ya watoto wa wenye mishahara. Mtoto wa mvuvi, wa miaka minne, anashinda ufukweni akifukuza kuku wasile ndagala, yaani dagaa, zilizoanikwa. Siku akiingia darasani, mwalimu analazimika kumshika vidole ajue kukamata kalamu, na umati wa wenzake unangoja. Akirudia darasa, lawama kwa mwalimu! Samaki mkunje angali mbichi: wavuvi ndio wa kukumbushwa hilo?

Tena daftari la uandikishaji wa chekechea lisisomwe kwa wingi wa majina tu; tuulize ni majina ya nani. Mwaka 1972 watu wengi wa pwani hii walikimbia mauaji wakaingia Tanzania, na wajukuu wao wamerudi na Kiswahili kinywani, ilhali shule inaanza kwa Kirundi. Wa miaka minne ataokota lugha mchezoni. Wa miaka minane atachekwa, anyamaze. Daftari lisilo na mtoto wa aliyerejea, wa Mtwa, wa mvuvi, ni aibu ya tarafa nzima.

Mtasema fedha hakuna. Dhiki ipo, na ziwa lilipofura lilikula nyumba za wengi. Lakini michango ya harusi haikosekani, na fedha ya samaki wa mukeke hupitia baa kabla ya kufika nyumbani. Akina baba, hilo nalo tulikemee: mama anauza mawese kando ya barabara tangu alfajiri, na baba anakunywa jasho lake! Mtasema mtoto atanyimwa utoto. Chekechea njema ni nyimbo, michezo na kuhesabu vijiti, si viboko. Mtasema shule ziko mbali; hapo mna haki, na serikali iwasikie. Hata hivyo, Warundi ndio walioinua madarasa mengi kwa mikono yao katika kazi za pamoja za Jumamosi. Watu wa namna hiyo hawashindwi na chumba kimoja cha wadogo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: ombeni Jumamosi zenu zipewe chekechea, na kabla ya Septemba kila mlango upeleke jina la mtoto wake.