Duka la uzi lisigeuzwe zizi

Kila msimu wa sare unapokaribia, wenye maduka ya uzi wa kufumia Mbeya na Iringa hurudia swali lile lile. Kwa nini tununue uzi unaotoka mbali, wakati Makete kuna baridi, kuna majani, na ndugu zetu huko wanajua mifugo? Nunua kondoo wa sufu, mjomba awafuge, manyoya yaletwe dukani, mama na mabinti wafume. Fedha yote ibaki nyumbani.

Nilipokuwa nasoma biashara tulifundishwa kwamba anayeshika shughuli yote, kuanzia malighafi hadi mteja wa mwisho, ndiye anayebaki na faida. Mhadhiri hakuongeza kwamba hasara nayo inabaki kwake peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Kondoo walio wengi nchini, wale wekundu wa Kimasai na wale wa kichwa cheusi, wana nywele, hawana sufu. Merino au Corriedale ni lazima anunuliwe kwa fedha nyingine, na akifika kwenye majani yenye unyevu minyoo na kuoza kwa kwato humfuata. Wala jambo hili si geni kusini. Kitulo ilifugwa kondoo wa sufu miaka ya 1960, na leo shamba hilo linajulikana kwa ng'ombe wa maziwa. Kama serikali ilihamia kwenye maziwa, familia yenye duka la mlango mmoja ina haki ya kuuliza sababu kabla ya kutoa fedha yake.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kondoo mmoja anatoa kilo 3 za manyoya kwa mwaka. Yakioshwa mafuta na uchafu, kisha yakasokotwa, yanabaki kama kilo 1.5 za uzi. Sweta ya mtoto wa shule ya msingi inakula takriban gramu 300. Kwa hiyo kondoo mmoja ni sweta 5. Shule moja yenye wanafunzi 500 inataka kilo 150 za uzi, yaani kondoo 100. Nani atasokota? Fundi wa gurudumu la mkono, hata tukimpa gramu 100 kwa saa, atahitaji saa 1,500. Hizo ni zaidi ya miezi sita ya kazi ya saa nane kwa siku bila kupumzika hata Jumapili, na hapo rangi bado haijatiwa.

Rangi nayo ni kesi yake. Mwalimu mkuu anataka kijani kile kile kwa watoto wote, mwaka huu na mwakani. Mzazi anataka sweta itakayofuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani bila kusinyaa. Uzi wa akriliki unafanya yote hayo kwa bei nafuu. Sufu ya kawaida humwasha mtoto shingoni, na ikifuliwa vibaya inamfaa mdogo wake.

Wapo wanaosema sufu ni mali isiyoshuka thamani. Waulizeni Waaustralia, ambao Februari 1991 walilazimika kuacha mpango wao wa kulinda bei huku wakiwa na marobota yapatayo milioni 4.7 ghalani. Ilichukua miaka kumi kuyamaliza. Mwaka 2020 wapo wafugaji Uingereza waliochoma manyoya kwa sababu bei haikufikia hata gharama ya kunyoa.

Lakini hatari ninayoiogopa zaidi iko kwenye mzunguko wa fedha. Shule hufunguliwa Januari. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka, na sare imebaki juu ya mzazi. Mwenye duka makini anataka uzi uwe ghalani Oktoba ili mafundi wafume Novemba na Desemba. Fedha iliyotumika Julai kununua kondoo na kujenga boma hairudi Oktoba. Matokeo yake ni kuchukua uzi kwa mali kauli, kwa bei anayoitaka msambazaji, au kukosa rangi ya maruni wiki ambayo kila mzazi anaitafuta. Mteja akikosa hapo anakwenda Mwanjelwa kwenye mitumba.

Hata hivyo sisemi kondoo hana nafasi. Iringa mjini kipo kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu hufuma na kutengeneza kazi nyingine za mikono. Mgeni anayepita kwenda hifadhi ya Ruaha hatafuti sweta ya shule. Anatafuta kitu cha mkono, na huuliza nani alikitengeneza. Kwa mteja huyo kondoo 10 wanatosha. Kilo 15 za uzi ni kofia kama 150 za gramu 100, kwa rangi ya kondoo mwenyewe, tena wanakondoo wa kiume wakiuzwa nyama wanasaidia kulipa dawa.

Biashara hiyo iwe na daftari lake, mbali na la sare. Na mjomba wa Makete alipwe ujira unaoandikwa, maana mifugo mingi ya familia huishia kwenye ugomvi wa nani alichinja na kwa ruhusa ya nani.

Kabla ya dume la kwanza, agizeni kilo 5 za manyoya kutoka kwa wafugaji wa Kenya, ambako kondoo wa sufu wapo. Osheni, sokoteni, fumeni kofia, kisha zipelekeni Iringa. Andikeni saa zote mlizotumia na bei mliyopewa. Kama baada ya hapo bado mnataka kondoo, mtakuwa mmejua ni wangapi.