Mwalimu Si Mshumaa

Kila matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, makala za kuokoa elimu humiminika. Nimezisoma nyingi kiasi kwamba aya ya mwisho naikisia kabla sijaifikia: walimu wajitume, ualimu ni wito, mwalimu ni mshumaa unaoungua ili wengine wapate mwanga. Mimi nafundisha, na najua mshumaa ukiisha hutupwa.

Mwandishi anayekimbilia neno wito huwa amekwepa kuhesabu. Tuhesabu basi. Tanzania imejiwekea kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Darasa likiwa na watoto 90, na kila daftari likasahihishwa kwa dakika tatu, hizo ni dakika 270. Saa nne na nusu, kwa zoezi moja la somo moja. Wito hauongezi saa za siku.

Tumeshapita njia hii. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wafundishe huku wenyewe wakifunzwa. Shule za kata zilipochipuka miaka ya 2000, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi wakaingizwa madarasani; mitaani wakaitwa "voda fasta". Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Lawama wakabebeshwa walimu. Walioamua majengo yatangulie na mwalimu afuate hawakupewa jina la utani.

Mtaniambia wapo walimu wavivu, watoro na walevi. Wapo, na waondolewe. Ila ukishamfukuza mtoro, madaftari 90 yanabaki mezani, na anayeyarithi ni mwenzake aliyekuwa akijituma tangu mwanzo.

Kwa hiyo wewe unayeandika ili kushawishi, acha kumwomba mwalimu moyo. Waulize wenye bajeti: mwaka huu wataajiriwa walimu wangapi, wapelekwe wapi, walale nyumba gani, wapate siku ngapi za mafunzo kazini, na nauli ya kwenda huko atalipa nani. Makala isiyomtaja mtu wa kujibu ni mahubiri, na mahubiri tunayasikia kila wiki bure. Andika cheo cha anayepaswa kujibu. Kisha andika tarehe.