Kinachotafunwa na Kinachonywewa

Chukua muwa mmoja. Ukiumenya na kuutafuna, taya zitachoka kabla hujamaliza pingili tatu, na makapi utayatema. Ukiupitisha kwenye mashine, ukatiwa ndimu na tangawizi kama wafanyavyo Forodhani, Zanzibar, utamu wa muwa mzima utaumeza kwa dakika moja. Maji hayo yakichemshwa hadi yagande, ni sukari guru. Ukipelekwa kiwandani Kilombero, inatoka sukari ya chai. Watu wengi wakiulizwa madhara ya sukari yanaanzia wapi, watakinyooshea kidole kiwanda. Mimi naona yanaanzia kwenye ile mashine ya kukamulia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, halikugawa sukari kuwa ya asili na ya kiwandani. Lilitenga sukari huru: ile inayoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo kwenye asali, shira na juisi za matunda. Hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima. Ikishuka chini ya asilimia 5, karibu vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Tunda zima na maziwa havimo katika hesabu hiyo. Na vijiko sita si vingi: vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko viwili, vimeshavimaliza, na andazi hatujaligusa.

Si kwamba sukari ya embe ni ya namna nyingine. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Asali ina hizo hizo mbili, nyingi zikiwa zimeachana. Tofauti iko kwenye nyuzinyuzi. Ndani ya tunda sukari imefungiwa, inafika kwenye damu polepole, na tumbo linajaa mapema. Machungwa manne hayaliki kirahisi kwa mkao mmoja. Maji yake yanashuka bila mtu kuhisi ameshiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ, uliofuatilia wahudumu wa afya wa Marekani kwa miaka mingi, ulikuta waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu na tufaha, waliugua kisukari cha aina ya pili kwa uchache. Wanywaji wa juisi waliugua zaidi. Ufuatiliaji wa aina hiyo peke yake hauthibitishi chanzo, ila unaoana na tunayoyajua kuhusu mwili.

Tende ndiyo kipimo kigumu, maana zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Hata hivyo, anayefungua kinywa kwa tende tatu kwa kawaida huishia hapo. Jagi la juisi lililo pembeni yake halina kokwa la kumsimamisha mtu.

Sukari guru nayo husifiwa kwa madini. Yapo, lakini ili yakufae ungekula kiasi ambacho hakuna daktari angekubali. Asali hutuliza kikohozi, sawa (mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa), lakini ikimiminwa kwenye chai kila asubuhi ihesabiwe kama sukari.

Ugomvi huu wa sukari ya asili na ya kiwandani una upande wa sera pia. Aprili 2018 Afrika Kusini ilianza kutoza vinywaji kwa kila gramu ya sukari inayozidi nne katika mililita 100, na sukari ambayo watu walinunua kupitia vinywaji hivyo ikapungua. Juisi halisi ya matunda ikaachwa nje. Uingereza, iliyoanza mwezi huohuo, nayo iliiacha. Naelewa: nani anataka kusikika akitoza kodi matunda? Lakini juisi ya zabibu, bila hata punje ya sukari ya kuongezwa, huizidi soda kwa sukari. Nchi ya Afrika Mashariki itakayoamua kutoza kwa gramu isiirithi nafuu hiyo, na ianze na pakiti za juisi zinazouzwa kwenye kantini za shule.