MKUU ASIYESIKIA LA MDOGO



Tunapozungumza habari za uongozi, desturi yetu ni kutafuta mafunzo katika sira za wakubwa waliotangulia, na hiyo ni desturi njema. Nyimbo aghalabu hatuziendei. Wako wanaoziona kuwa ni mambo ya harusini na ya kupitisha wakati tu, na wako wanaojiepusha na ala za muziki kwa kuichunga dini yao. Safu hii haikusudii kuamua mas-ala ya wanazuoni. Asiyependa kusikiliza santuri na asisikilize. Lakini habari za watu walioimba ni sehemu ya tarehe yetu, na mtafuta hekima huiokota popote aikutapo.

Nasi tunaihitaji hekima hiyo. Hapana jumuiya ya Waswahili ugenini isiyokuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wala ni nadra mkutano mkuu wa mwaka kumalizika watu wakitoka wawiliwawili, wakinong'ona mlangoni yale waliyoshindwa kuyasema ndani. Basi tumtazame mtu mmoja aliyeyatoa manong'ono ya mlangoni akayaweka hadharani, na tuone ana lipi la kuwafunza viongozi wetu.

Mtu huyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini yenye asili ya utumwa. Hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi yake ilikuwa kuchukua vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza. Skuli hakwenda, wala hakujua kusoma na kuandika. Kwa mizani ya dunia ya wakati ule, ambapo watu walipimwa kwa nasaba, kwa mali na kwa mavazi, hakuwa na hata sifa moja ya kumfanya asikilizwe.

Taarab nayo haikuwa ya watu kama yeye. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka mwaka 1870 hata 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki ili aje kuupiga katika kasri. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Muziki ule ulikuwa mzuri, lakini uliimbwa kwa Kiarabu, na wengi katika raia waliusikia kwa mbali bila ya kufahamu yaliyosemwa. Siti alipohamia mjini mwaka 1911 na kufunzwa uimbaji, yeye na wenzake wakauimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurikodi santuri, na sauti ya muuza vyungu ikaenea pwani yote ya Afrika ya Mashariki, ikaingia na bara. Aliendelea kuheshimiwa hata alipofariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Sasa tuzingatie. Funzo la kwanza limo katika lugha. Kiongozi anayesema kwa lugha ambayo watu wake hawaifahamu hajasema nao, hata akiwa fasaha namna gani. Na lugha hapa si maneno tu. Mwenyekiti anayeusomea mkutano kurasa kumi za kanuni kwa Kiingereza cha mawakili, mbele ya mama ambaye haja yake ni kujua kama mchango wake wa mazishi umefika, amemwacha mama yule nje ya kasri, akisikia muziki kwa mbali.

Funzo la pili limo katika namna walivyofanya kazi. Siti hakuwa peke yake. Alikuwa na kina Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, nao hawakuwa wapambe wa kumbeba, bali walikuwa mafundi kwa haki zao. Jina lililovuma zaidi ni la Siti, lakini kazi ilikuwa ya wote. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, na habari za mji zikafika pale: nani kadhulumiwa, nani kala mali ya nani, nani kahukumiwa na kwa lipi. Hayo waliyoyasikia ndiyo yaliyogeuka nyimbo. Na alipoitwa kuimba mbele ya wakubwa, alikwenda akaimba, kisha akarudi Ng'ambo. Mlango wake haukufungwa kwa sababu amefunguliwa mlango wa kasri. Ni wangapi katika viongozi wetu ambao, baada ya kupeana mkono mara moja na balozi au meya wa mji, hawaonekani tena pale wanapokaa watu?

Funzo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo limo katika wimbo uitwao "Kijiti". Wimbo huo ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, aliuawa. Aliyetuhumiwa alivuka bahari akatorokea bara. Kesi ilipofika katika mahakama ya enzi ile ya Waingereza, waliopatikana na hatia wakawa ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Mwuaji yuko mbali, na waliosema wanafungwa! Wanyonge wa Unguja hawakuwa na gazeti la kuandikia wala baraza la kupelekea malalamiko. Walikuwa na wimbo. Wimbo ule ukaisimulia kesi mbele ya watu wote, ukamwonyesha hakimu akiwafokea mashahidi badala ya kuwasikiliza.

Hebu tumtazame vizuri hakimu yule, maana humo mna sura ya kila kiongozi aliyeharibikiwa. Wimbo haukumlaumu kwa wizi wala kwa rushwa. Kosa lake ni kwamba aliletewa habari mbaya, akamkasirikia aliyeileta. Ukali wake uliwaangukia waliokuwa karibu kwa kuwa aliyekosa hakuwako. Kosa hili halihitaji joho la mahakama ili litendeke. Hutendeka katika chumba cha kukodi, siku ya Jumapili, juu ya viti vya plastiki. Kijana anasimama na kuuliza: fedha za mfuko wa mazishi zilizokusanywa mwaka jana, zimebaki kiasi gani? Swali ni la haki, na jawabu lake ni tarakimu. Lakini badala ya tarakimu anajibiwa: wewe ni mtoto wa nani? Umekuja lini katika nchi hii? Nani amekutuma? Hapo shahidi amegeuzwa mshitakiwa, na mkutano mzima umefahamu kwamba kuuliza ni hatia. Mwaka unaofuata kijana yule haji, na wala si yeye peke yake asiyekuja.

Siti mwenyewe aliyajua maswali ya namna hiyo. Alipoanza kusifika walitokea wa kumcheka kwa nasaba yake na kwa mavazi ya kimaskini aliyoingia nayo mjini. Naye hakutukana. Aliwajibu kwa wimbo, akawaambia kwa adabu kwamba upungufu wa mtu haumo katika sura wala katika jadi, bali katika akili. Jawabu hilo linafaa kukumbukwa katika mikutano yetu, ambako bado wako wanaopima neno kwa kumtazama msemaji: katoka kisiwa gani, kabila gani, kazi gani, na je, ni mwanamume au mwanamke. Wanawake wetu ndio wapikao futari ya jumuiya, ndio wachangishao, ndio wawajuao wagonjwa nyumba kwa nyumba. Kisha mkutano ukianza, sauti zao hutakiwa zibaki jikoni.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tunawasomea watoto wetu asubuhi na jioni, na ni ya kweli. Lakini na mkuu asiyesikia la mdogo, je? Naye huvunja guu, ila si lake peke yake. Huvunja guu la jumuiya nzima, ikabaki inachechemea miaka. Sayyidna Abubakar, Mungu amuwie radhi, siku aliyoshika ukhalifa aliwataka watu wamsaidie akienda vyema na wamnyooshe akipotoka. Ikiwa yeye aliomba kunyooshwa, mwenyekiti wa jumuiya ya familia mia moja atakuwa juu ya kunyooshwa kwa daraja gani?

Yafaa basi, ndugu zangu, mafunzo haya yashuke katika vitendo. Hesabu za fedha na zisomwe mwanzo wa mkutano, kabla ya hotuba na kabla ya biriani, kwa Kiswahili chepesi, na nakala yake ibandikwe ukutani. Maswali ya akina mama na vijana na yapewe nafasi ya mwanzo, si dakika tano za mwisho watu wanapovaa makoti. Na swali likiulizwa, lijibiwe swali, asijibiwe muulizaji. Nasi raia tuna wajibu wetu: tusiuache ukweli mlangoni tukaunong'ona, kisha tukawalaumu viongozi kwamba hawasikii. Wimbo usioimbwa hauna wa kumkera wala wa kumrekebisha.

Kiongozi mwema atakosolewa kama wengine. Lililo juu yake ni kukaa kitini, akamsikiliza anayemkosoa mpaka amalize, kisha akasema: limefika, na jawabu lake ni hili. Mwenye subira hiyo na tumshike kwa mikono miwili, hata kama jana alikuwa akiuza vyungu.

Wabillahi tawfiq.