Wenzetu wakimya na mafunzo ya mtandaoni

Leo nina jambo la kuungama kabla ya kutoa maoni yangu, maana nikianza na maoni nitaonekana mtu mwema kuliko nilivyo.

Miezi michache iliyopita baadhi yetu pale kazini tuliandikishwa kwenye mafunzo ya mtandaoni kuhusu namna ya kuandika habari zinazotokana na takwimu. Wiki tatu, jioni mbili kila wiki, kupitia Zoom. Tulikuwa 24 kutoka vyombo mbalimbali. Mkufunzi alikuwa mtu mzuri tu, mchangamfu, na kazi yake anaijua. Siku ya kwanza akatupa sheria mbili: kamera ziwe wazi muda wote, na kila mtu azungumze. Akamalizia na ile methali tuliyoisikia wote tangu shule ya msingi, kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mimi sheria hizo hazikunisumbua. Wanaonifahamu wanajua mdomo wangu hauna breki. Hata kama sina jibu huwa naanza kuongea hivyo hivyo, nikitumaini jibu litanikuta njiani.

Sasa yupo dada mmoja ambaye meza yake iko karibu na yangu. Nitamwita jirani. Anaandika habari za biashara. Kwenye kikao cha asubuhi anaweza asitoe neno mpaka aulizwe, na akiulizwa anatoa sentensi mbili ambazo sisi wengine tumezitafuta nusu saa nzima. Kwenye mafunzo alikaa vile vile. Uso wake ulikuwa pale kwenye kile kidirisha, anaandika kwenye daftari, basi.

Jioni ya tatu mkufunzi akatuwekea jedwali la mfano. Bajeti ya elimu ya halmashauri fulani ya kubuni imepanda kutoka shilingi milioni 400 hadi milioni 440. Akauliza, habari iko wapi hapa? Kabla hajamaliza swali mimi tayari nimefungua maikrofoni: bajeti imeongezeka kwa asilimia 10, serikali yawajali wanafunzi, na kadhalika na kadhalika. Nikiwa katikati ya hotuba yangu, ukaingia ujumbe kutoka kwa jirani, nilioweza kuuona mimi peke yangu. Alikuwa ameandika: "Angalia safu ya mwisho. Wanafunzi wametoka 20,000 wamefika 25,000. Kwa kila mmoja ilikuwa 20,000, sasa ni 17,600. Imeshuka."

Wadau, nilichofanya ni kukohoa kidogo, nikasema "lakini tukiangalia kwa undani zaidi", kisha nikasoma ujumbe ule kama wangu. Mkufunzi karibu aruke kwenye kiti. Safi sana! Hii ndiyo habari! Jioni zilizofuata alikuwa akinitolea mfano.

Mafunzo yalipoisha walichaguliwa watu 6 kuendelea na awamu ya pili, yenye posho na msimamizi wa kukusaidia kuandika habari moja kubwa. Mimi nilikuwamo. Jirani hakuwamo. Kwenye tathmini yake waliandika kwamba kazi zake ni nzuri ila "hakushiriki vya kutosha". Jina langu lilikuwa na alama zote za ushiriki.

Nimelifikiria sana neno hilo. Aliyeshiriki ni nani hasa? Mimi niliyekuwa natoa sauti, au yeye aliyesoma safu ya mwisho wakati sisi wote tumeganda kwenye ya kwanza?

Watu wengi tunachanganya mambo mawili. Kuna aibu, yaani kuogopa watu watakuonaje. Na kuna ukimya wa maumbile: mtu anapenda kulifikiri jambo ndani kwanza kabla ya kulitoa, na kelele za watu wengi kwa muda mrefu humchosha. Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi, aliandika juu ya watu wa aina hii tangu 1921, kwa hiyo si ugonjwa mpya ulioletwa na intaneti. Jirani yangu hana aibu. Mtume Kariakoo akaongee na mfanyabiashara asiyetaka kutaja bei aliyonunulia mzigo, atarudi na bei. Lakini ataongea na mtu mmoja, taratibu, na atamwacha amalize. Usimtarajie ashindane na midomo 23 kwa wakati mmoja.

Na mafunzo ya mtandaoni kwa kweli ni mashindano ya midomo. Darasani mnapokaa pamoja mkufunzi anaweza kuona mtu amevuta pumzi anataka kusema, akamgeukia. Kwenye Zoom pumzi haionekani. Sauti zinachelewa, watu wawili wakigongana yule mpole ndiye husema "samahani, endelea", halafu hapati nafasi tena. Mkufunzi naye akiuliza swali pakawa kimya sekunde mbili anaanza kuingiwa na hofu: jamani, mnanisikia? Mtandao umekata? Hapo ndipo watu kama mimi tunapojitosa kumwokoa.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili kwenye madarasa ya sayansi miaka ya 1960 na 1970. Aligundua kwamba walimu wakishauliza swali walisubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuongea tena. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na yenye hoja, na wanafunzi waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Sekunde 3 tu, tena watu wakiwa wamekaa pamoja! Huku kwetu, ambako sauti ya mwenzako wa Mtwara inasafiri na kupumzika njiani, ningesema wahesabu hadi 10.

Suala la kamera nalo limechunguzwa. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kristen Shockley. Walifuatilia wafanyakazi 103 kwa wiki 4, wakiwagawa baadhi wawashe kamera na wengine wazime, kisha wakabadilishana. Kamera ikiwa wazi watu walichoka zaidi, na uchovu huo uliwaumiza zaidi wanawake na wafanyakazi wapya. Lakini kilichonishangaza ni hiki: watu waliochoka hivyo walitoa mchango mdogo zaidi kwenye vikao. Maana yake sheria ya kwanza ya mkufunzi wetu ilikuwa inaipiga teke sheria yake ya pili. Unamlazimisha mtu ajitazame uso wake mwenyewe saa mbili mfululizo, kisha unashangaa hana cha kusema. (Bado sijagusa habari ya bando. Kuna mwenzetu alikuwa anajiunga kila jioni kwa pesa yake mwenyewe na kamera iliimaliza yote, lakini hilo ni lalamiko la siku nyingine.)

Najua mkufunzi atasema nini, na ana haki. Kamera zikizimwa atajuaje kama watu wako darasani au wanasonga ugali? Kweli, hatajua. Ila hata kamera zikiwa wazi hajui. Mimi mwenyewe jioni moja nilikuwa natazama mechi kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kompyuta, uso wangu ukiwa na umakini wa hali ya juu kabisa, na nikapewa alama za ushiriki siku hiyo hiyo. Kama unataka kujua mtu yuko darasani, mwombe kazi. Uliza swali, halafu sema: tuna dakika 2, kila mmoja aandike jibu lake, asitume mpaka nihesabu tatu. Yakija yote kwa pamoja, mwenye mdomo mwepesi hana tena faida ya kutangulia, na mkufunzi ataona majibu 24 badala ya yangu peke yangu. Kisha asome mawili matatu kwa sauti, na ataje majina ya walioandika. Hilo la majina nalisisitiza kwa sababu mnazozijua.

Wakitugawa kwenye vikundi, viwe vya watu wawili au watatu, siyo wanane. Na mtu asishtukizwe. Ile tabia ya "tumsikie fulani, naona umetulia sana leo" inafanyika kwa nia njema, lakini mbele ya watu 23 ni kama kumwamsha mtu kwa maji ya baridi.

Mhariri mmoja niliyemweleza haya alicheka. Akaniambia bwana mdogo, hii ni kazi ya midomo, asiyeweza kuongea akatafute kazi benki. Namheshimu mzee huyo, amenifundisha mengi, lakini hapa sikubaliani naye. Mdomo kwenye kazi yetu unahitajika kwa dakika chache, kwenye mkutano wa waandishi, kuuliza swali lako na kukaa. Kazi iliyobaki ni kusikiliza, kusoma makaratasi na kutilia shaka namba. Tukichuja watu kwa kigezo cha sauti tutabaki na chumba cha habari kilichojaa watu wanaosoma safu ya kwanza tu.

Nilimwambia jirani ukweli siku majina yalipotoka. Alinyamaza kidogo, kama kawaida yake, akasema, "Acha tu, kaka. Ila siku nyingine sema umetoa wapi." Niliwaandikia waandaaji nikaeleza jibu lile la bajeti lilikuwa la nani. Walinijibu kwa adabu kwamba orodha imeshafungwa, lakini kundi jipya linaanza mwezi ujao, na kama nina mapendekezo ya kuboresha mafunzo niwatumie.

Nikamfuata jirani nikamuuliza, ungependa wabadilishe nini? Akasema hawezi kujibu pale pale, nimpe siku moja. Kesho yake saa 12 asubuhi nilikuta ujumbe wake kwenye simu, ukurasa mzima, umenyooka. La kwanza lilikuwa watume maswali jana yake. La pili, alama zitokane na kazi. Yako mengine ambayo mimi nisingeyafikiria, kwa mfano watu waruhusiwe kutuma swali hata saa kadhaa baada ya somo, kwa sababu maswali yake mazuri humjia akiwa kwenye daladala anarudi nyumbani.

Nimeutuma ukurasa huo kama ulivyo. Nilimwomba ruhusa kwanza, na jina lililoko chini ni lake.