Jaji Mkuu Aliyewahi Kuwa Askari

Tarehe 21 Septemba, 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa ofisini mwake Jaji Mkuu wa Uganda, wakamvua viatu, wakaondoka naye kwa gari. Ulikuwa mchana kweupe. Mwili wake haujaonekana hata leo.

Huenda askari mwenzetu akauliza: habari za majaji zatuhusu nini sisi tushikao bunduki na rungu? Zatuhusu sana, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza, marehemu Benedicto Kiwanuka alikuwa askari. Alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka, akajiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1942, wakati Vita Kuu ya Pili imepamba moto. Alitumikia hadi mwaka 1946, akafika Misri na Palestina. Kwa hiyo gwaride alilijua, na kutii amri alikujua. Baada ya vita alikwenda kusoma Lesotho, iliyokuwa ikiitwa Basutoland, kisha Uingereza, akawa wakili mwaka 1956. Siasa yake twaipita upesi, maana si kazi ya ukurasa huu: aliongoza chama cha Democratic Party, akashinda uchaguzi wa mwaka 1961, akawa Waziri Mkuu wa kwanza tarehe 1 Machi, 1962, na mwezi uliofuata wa Aprili akashindwa katika uchaguzi mwingine. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini.

Aliyemfungua ni Idi Amin, Januari 1971, siku chache tu baada ya kutwaa madaraka. Mwaka huohuo Amin akamfanya Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza wa Uganda kukikalia kiti hicho. Wako wanaomlaumu hadi leo kwa kuupokea wadhifa mkononi mwa mtu aliyeingia kwa mtutu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu hupimwa kwa kazi aliyoifanya akiwa kitini, na kazi ya Kiwanuka yaonekana wazi katika shauri moja.

Septemba 1972 Mwingereza mmoja mfanyabiashara, Donald Stewart, alikuwa amezuiliwa na wanajeshi pale Makindye bila kushtakiwa. Ombi likaletwa mbele ya Jaji Mkuu, aina ile ya ombi ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus. Maana yake ni nyepesi: wewe uliyemshika mtu, mlete mbele ya mahakama, useme ni sheria gani iliyokuruhusu kumshika. Ukiwa huna sheria ya kuitaja, mwachilie. Kiwanuka aliona kwamba mtu yule alizuiliwa kinyume cha sheria, akaamuru aachiliwe. Alijua fika ni nani watakaochukizwa. Tena nchi ilikuwa katika joto kali: Waasia walikuwa wamekwisha kuamriwa kuondoka, na tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashambulia upande wa Masaka na Mbarara. Siku nne baadaye Jaji Mkuu akachukuliwa.

Sasa turudi kwenye swali la mwenzetu. Tangu mwaka 1971 amri za serikali ziliwapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia, na wengi walidhani wameongezewa nguvu. Lakini ni nani waliotangulia kufa bila hakimu? Ni askari wenzetu. Mwaka huohuo wa 1971 mamia ya askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa ndani ya kambi zao wenyewe, hawakusomewa hata shtaka moja. Askari aliyefunga mlango wa mahakama kwa ajili ya raia alikuta umefungwa kwake pia.

Mwaka 1974 Amin mwenyewe alilazimika kuunda tume ya kuchunguza waliopotea. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied, na wajumbe wake walikuwa maofisa wawili wa polisi na ofisa mmoja wa jeshi. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kueleza habari za watu 308 waliopotea, ikavitaja vikosi vya usalama vilivyohusika zaidi, ikashauri pia askari wafundishwe sheria. Maofisa wale watatu waliandika hayo Amin akiwa bado madarakani. Nao wanastahili kukumbukwa, ingawa majina yao hayatajwi mara kwa mara kama la Kiwanuka.

Leo Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na kwamba haki ya amri ile ya habeas corpus haisimamishwi kwa sababu yoyote. Ibara ya 221 yatutaja sisi wenyewe, vyombo vyote vya ulinzi na usalama, kwamba hatuna budi kuheshimu haki za binadamu.

Haya hutimizwa langoni, na mara nyingi mwenye zamu ni kijana wa cheo cha chini kabisa. Karatasi ya mahakama ikiletwa, hata kama ni usiku na mletaji ni wakili mwenye maneno makali, aipokee, aandike saa katika kitabu cha zamu, amwite ofisa wake papo hapo. Na ofisa asimwambie aliyeileta kwamba mtu huyo hayupo, ilhali yupo.